Mlo wa Kijapani na Sambaza wa Kivu

Katika mikahawa ya fahari ya Kijapani mgeni hachagui chakula. Mlo uitwao kaiseki hupangwa na mpishi mwenyewe: kitafunio kidogo, mchuzi mwepesi, samaki mbichi, cha kuchoma, cha kuchemsha, na mwisho wali na achari. Kila sahani ni matonge mawili matatu tu, na bei yake si ya mshahara wa askari.

Mama wa nyumbani wa Giheke, wilayani Rusizi, aweza kuiga mpango huo kwa vitu vya sokoni. Sambaza, waliotolewa Ziwa Tanganyika wakatiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi wangali wanang'aa. Na aanze na mchuzi wa maharage, kisha sambaza wa kukaanga, isombe, halafu wali.

Jambo moja asiliige: samaki mbichi. Wajapani hupendelea samaki wa baharini, tena wengine hugandishwa kwanza ili minyoo ife. Samaki wa maziwani aweza kubeba vijidudu visivyokufa kwa ndimu wala siki. Jikoni dawa yao ni moto. Sambaza ni wembamba, hivyo dakika chache katika mafuta yaliyochemka zatosha.