Mteja Asiye Mtu: Sarufi na Tahajia ya Kiswahili katika Ufundishaji wa Mifumo ya Hifadhidata

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanafunzi wa isimu katika vyuo vikuu wanavyoweza kufundishwa kujenga programu za hifadhidata zenye muundo wa mteja na seva, uwanja wa mazoezi ukiwa ni leksikografia. Hoja kuu ni kwamba masuala manne ya kiufundi, yaani mgawanyo wa majukumu, utambulisho wa rekodi, usalama wa maulizo na ulinzi wa mabadiliko, yanaweza kufafanuliwa kwa data ya lugha ambayo mwanafunzi anaimudu tayari.

1.0 Utangulizi

Ukusanyaji wa msamiati wa lugha za Tanzania umezalisha data nyingi. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa orodha za msamiati na Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009). Kabla yake, mwaka 1994, Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni. Kazi za namna hii huhitaji chombo cha kuhifadhi na kutafuta data. Mwanaisimu asiyejua jinsi chombo hicho kinavyojengwa humwachia mtaalamu wa kompyuta maamuzi ambayo kimsingi ni ya kiisimu: leksimu ni nini, umbo lipi liwe kidahizo, na ngeli iwekwe wapi.

Mfano utakaotumika hapa ni zoezi la darasani. Wanafunzi wanatakiwa kubuni mfumo wa kukusanya msamiati wa Kizigua na Kishambaa, pamoja na visawe vyake vya Kiswahili, katika eneo la Kilole, Korogwe, na upande wa Handeni. Hifadhidata ipo chuoni. Wakusanyaji wapo uwandani na simu zao.

2.0 Mteja ni nani?

Katika muundo huu, programu iliyo katika kifaa cha mtumiaji hutuma ombi. Seva hulipokea, huisoma hifadhidata na kurudisha jibu. Programu ya kwanza imezoeleka kuitwa mteja. Ugumu unaanzia hapo. Katika matumizi ya kawaida mteja ni mnunuzi, na pia ni mtu anayetibiwa na mganga. Nchini Kenya, katika lugha ya mitaani, kuwa mteja ni kutopatikana kwa simu. Katika maana zote hizo mteja ni mtu, na upatanisho wa kisarufi unathibitisha hivyo: mteja anatuma ombi, seva inajibu.

Upatanisho huo unaweza kumpotosha mwanafunzi. Akisikia kwamba mteja anatuma ombi, humfikiria mkusanyaji aliyeshika simu, na kuhitimisha kuwa kilichokaguliwa kwenye skrini kimekwisha kukaguliwa. Tuseme kanuni ya mfumo ni kwamba kila nomino iwe na ngeli. Kanuni hiyo ikiwekwa kwenye skrini pekee, programu nyingine yoyote inayoifikia seva itaweza kuingiza nomino isiyo na ngeli. Seva haimwoni mtu. Inaona ombi tu. Kwa hiyo ukaguzi wa kwenye skrini ni msaada kwa mtumiaji, ilhali ukaguzi wa kwenye seva ndio ulinzi wa data.

Suluhisho la kiistilahi ni kutumia programu mteja na kuipatanisha kama ngeli ya 9: programu mteja inatuma ombi. Badiliko la kiambishi kimoja linamtenga mtu na programu, na hapo mwanafunzi ana pa kuanzia kuuliza ni kazi ipi ya nani.

3.0 Neno si ufunguo

Mwaka 1970 E. F. Codd alipendekeza data ipangwe katika mahusiano, ambayo kwa kawaida huonyeshwa kama majedwali, na kila safu mlalo itambulike kwa ufunguo msingi usiojirudia. Mwanafunzi wa leksikografia huelekea kulifanya neno lenyewe kuwa ufunguo. Neno kaa linatosha kulipinga wazo hilo. Kuna kaa wa baharini, ambaye umbo lake la wingi ni kaa. Kuna kaa la moto, wingi makaa. Na kuna kitenzi kaa. Umbo moja linabeba leksimu tatu. Jedwali lenye ufunguo wa umbo litaikubali ya kwanza na kuzikataa mbili zinazofuata.

Ndiyo maana kila leksimu hupewa namba yake. Maumbo huwekwa katika jedwali la pili, kila umbo likirejelea namba ya leksimu yake. Mpango huohuo unatatua suala la vitenzi: anayetafuta wameandikiana anaweza kufikishwa kwenye andika, kwa sharti kwamba seva ina kichanganuzi cha mofolojia kinachovua viambishi kabla ya kutafuta. Uhusiano wa leksimu moja na maumbo mengi, ambao vitabu vingi huufafanua kwa mifano ya wateja na bidhaa, mwanaisimu anao tayari katika mnyambuliko.

4.0 Ng'ombe katika maulizo

Katika lugha ya SQL, matini hufungwa kwa alama za mtajo mmoja. Mwanafunzi anayeunda ulizo kwa kuunganisha vipande vya matini hupata tokeo hili:

SELECT maana FROM leksimu WHERE umbo = 'ng'ombe'

Kwa hifadhidata, matini imeishia kwenye ng. Ombe ni amri isiyoeleweka, na ulizo linakataliwa. Kosa hili ndilo mlango wa shambulio linalojulikana sana, ambapo mtu mwenye nia mbaya huandika amri baada ya alama hiyo. Dawa yake ni ulizo lenye vigezo: amri hutumwa peke yake na thamani peke yake, hivyo thamani haiwezi kusomwa kama amri. Mifano inayotumia maneno ya Kiingereza yasiyo na ritifaa huweza kulificha kosa hili muhula mzima; ng'ombe, ng'ambo na ng'oa hulifichua mara moja.

Tahajia hiyo inaibua suala jingine. Ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda zina misimbo tofauti katika Unicode. Seva isipozisawazisha kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta, neno lililomo kwenye kamusi litaripotiwa kuwa halimo.

5.0 Wakusanyaji wawili, kidahizo kimoja

Mkusanyaji aliye Kilole na mwenzake aliye Handeni wanaweza kufungua kidahizo kimoja wakati mmoja. Wa kwanza anaongeza maana aliyopewa na mzee. Wa pili anasahihisha toni. Bila kinga, rekodi ya atakayehifadhi mwisho huifuta ya mwenzake, na hakuna atakayejua. Kinga iliyo rahisi kufundisha ni safu ya toleo: ombi huja na namba ya toleo lililosomwa, na seva hulikubali iwapo tu namba hiyo haijabadilika. Likikataliwa, mkusanyaji huonyeshwa matoleo yote mawili ili ayaunganishe. Pale mtandao unapokatika, simu huhifadhi maingizo na kuyatuma baadaye kwa utaratibu huohuo.

6.0 Hitimisho

Data ya Kiswahili haipaswi kuchukuliwa kama pambo la kuongezwa mwishoni mwa kozi, kwa kuwa homonimu, mnyambuliko na ritifaa ni vipimo vinavyofichua udhaifu wa mfumo mapema. Kinachohifadhiwa, kwa upande wake, ni maarifa ya wazungumzaji ambao huenda wasipatikane tena kuulizwa. Idara zinazofundisha isimu zinashauriwa kuliweka zoezi la aina hii katika kozi za leksikografia, na kulifundisha kwa istilahi ambazo upatanisho wake umefikiriwa.