Viazi vimewachosha watoto? Choma nyanya na pilipili

Jikoni Mau Narok viazi havikosi. Lakini viazi vya kuchemsha kila jioni huwachosha watoto, nayo sosi ya chupa ni gharama.

Akina mama wa Laos, kusini-mashariki mwa Asia, hutengeneza jeow mak len, yaani kachumbari ya kuchovya ya nyanya za kuchoma. Wao huchovya wali wa kunata. Sisi tutachovya kiazi.

Mahitaji
Nyanya 4 zilizoiva
Pilipili mbichi 2
Kitunguu 1 kidogo
Punje 3 za kitunguu saumu
Dania, nusu ndimu na chumvi

Jinsi ya kutayarisha
Choma nyanya, pilipili na vitunguu juu ya makaa, ukivigeuza, hadi maganda yawe meusi. Ambua maganda. Twanga vitunguu na chumvi, kisha nyanya. Tia dania na maji ya ndimu. Watengee watoto yao, ndipo utwange pilipili na kuichanganya katika iliyobaki. Walao hutia maji ya samaki waliochachushwa. Wewe waweza kutia omena wachache waliokaangwa na kusagwa.

Tahadhari
Baridi ya Mau isikufanye ufunge mlango na dirisha jiko la makaa likiwaka. Gesi yake haina harufu, nayo huua. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Pilipili ikimwasha mtu, mpe maziwa. Maji hayasaidii sana.

Ile siku hiyo hiyo. Baridi ya Mau si friji.