Kabla ya kununua mbegu za nyasi, piga hesabu kwanza

Kiangazi kinapoingia, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hupata hasara mara mbili: maziwa hupungua na bei ya robota la nyasi kavu hupanda. Katika ukame ulioikumba Kenya kuanzia mwaka 2020 hadi 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Somo lililobaki ni kwamba malisho ni zao kama mahindi, na hulimwa wakati wa mvua.

Nyasi ambazo wengi huzikimbilia ni za Rhodes, hasa aina ya Boma iliyotokana na utafiti wa Kitale. Hustawi kuanzia mita 600 hadi 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na zikishashika hustahimili kiangazi. Lakini wapo wanaonunua mbegu kwanza na kufikiri baadaye. Hao ndio huvuna magugu.

Unahitaji kiasi gani?

Ng'ombe wa kilo 400 hula chakula kikavu kiasi cha asilimia tatu ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12. Kwa kuwa nyasi zilizokaushwa hubaki na unyevu kidogo, hiyo ni karibu robota moja la kilo 15. Kwa kiangazi cha siku 90, ng'ombe mmoja atahitaji marobota 90, na watatu marobota 270.

Tuchukulie, kwa tahadhari, kwamba ekari moja itatoa marobota 100 kila inapokatwa, na itakatwa mara mbili kwa mwaka. Hayo ni marobota 200, hayatoshi. Lakini mfugaji mwenye majani ya tembo na mabua ya mahindi yanayotosha nusu ya mahitaji atatumia marobota 135, na 65 yatabaki ya kuuza. Ukubwa wa shamba utokane na hesabu ya namna hii.

Udongo na mbegu

Shamba lisilo na maji yanayotuama ndilo linalofaa. Likiwa na sangari, liandaliwe mapema: lilimwe wakati wa kiangazi, mizizi ikusanywe na kukaushwa juani, kisha lilimwe tena hadi udongo uwe laini. Mbegu za Rhodes ni ndogo na nyepesi mno, hivyo haziwezi kuota chini ya mabonge. Ni vizuri pia kupima udongo kabla ya kununua mbolea, na kutumia samadi iliyooza.

Ekari moja huhitaji kilo nne hadi sita za mbegu. Mkulima anunue zenye lebo ya mamlaka ya mbegu, kisha azijaribu mwenyewe: ahesabu mbegu 100, aziweke kwenye kitambaa chenye unyevu na kusubiri wiki mbili. Zikiota chache, hasara imeepukwa kabla ya trekta kulipwa. Mbegu zilizovunwa karibuni huweza kulala miezi kadhaa bila kuota, hivyo zisipandwe mara moja.

Mbegu zipandwe mwanzoni mwa mvua, katika mistari ya sentimita 30, zikichanganywa na mchanga mkavu ili zienee sawasawa. Zifunikwe kidogo tu, zisizidi sentimita moja. Palizi ya wiki za mwanzo isiahirishwe, na ng'ombe wasiingizwe kabla mizizi haijashika.

Gharama na soko

Nyasi hizi zikitunzwa hudumu miaka mitatu au zaidi, kwa hiyo gharama ya mwanzo igawanywe. Tuseme kulima na mbegu vimegharimu Sh30,000. Kwa miaka mitatu ni Sh10,000 kwa mwaka, au Sh50 kwa kila robota kati ya 200. Ongeza palizi, mbolea, kukata, kufunga na usafiri, ndipo ujue bei ya chini unayoweza kuikubali.

Mwenye shamba dogo si lazima akodi mashine. Sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, hutosha kufunga robota kwa mkono. Kwa mfanyabiashara, la muhimu ni mizani: robota lililolegea na lililoshindiliwa huweza kulingana kwa macho na kutofautiana kilo kadhaa. Bei ipatanwe kwa kilo.

Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua, kwani zikikomaa sana hubaki makapi. Na ghala litangulie mavuno: paa lisilovuja na jukwaa la mbao linaloinua marobota kutoka sakafuni. Anayeuza yote siku ya kuvuna huuza wakati kila mtu ana nyasi. Mwenye ghala huweza kungoja hadi kiangazi kikolee.