Filbert Bayi: Mbio za Askari na Gharama ya Utii

Mbio za alfajiri ni sehemu ya maisha ya askari popote alipo, awe analinda mpaka wa Rusizi, au awe katika kambi ya nchi jirani. Wengi hukimbia ili wawe tayari kwa kazi. Wachache mbio hizo zimewafikisha mbele ya macho ya dunia, na miongoni mwao ni Filbert Bayi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Habari zake zafaa kuzingatiwa na kila avaaye sare, kwani zinaeleza ushindi na pia gharama ya utii.

Bayi alizaliwa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1953. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 hakufika fainali. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino, ofisa wa polisi wa Kenya aliyekuwa bingwa mkubwa, katika mbio za mita 1,500.

Desturi ya wakimbiaji wa masafa hayo ilikuwa kujificha nyuma ya mwenzao, yeye akate upepo, kisha wachomoke katika mzunguko wa mwisho. Bayi aliikataa desturi hiyo. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alishika uongozi tangu mwanzo na hakuuachia hata mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. John Walker, kijana wa nchi hiyo hiyo, alifika nyuma yake kwa tofauti ya chini ya nusu sekunde, naye pia akawa ameipita rekodi ya zamani. Mei 1975 Bayi alivunja rekodi ya maili moja mjini Kingston, Jamaika; Agosti ya mwaka huo Walker akamnyang'anya. Dunia nzima ikawa inangojea wawili hao wakutane Montreal, katika Olimpiki ya mwaka 1976.

Hawakukutana. Mwaka huo, ambao watoto wa shule walipigwa risasi Soweto, timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini na kuupa heshima utawala wa ubaguzi wa rangi. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika Michezo. Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, na zaidi ya nchi 20 zikasusia, Tanzania ikiwemo. Bayi, mwenye umri wa miaka 23, akabaki nje. Walker alipata medali ya dhahabu kwa muda wa dakika 3 na sekunde 39.17, pungufu sana ya kasi ya Christchurch. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba Bayi angeshinda, maana mbio hazikimbiwi kwenye karatasi. Lililo wazi ni kwamba msimamo wa taifa ulilipiwa na miguu ya watu wachache, nao hawakurudishiwa fursa ile.

Bayi hakutupa viatu vyake. Mwaka 1980 mjini Moscow alishiriki mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kama kawaida yake, akapitwa na Bronislaw Malinowski wa Poland karibu na mwisho, akatwaa medali ya fedha. Rekodi yake ya mita 1,500 ilikuwa imedumu hadi mwaka 1979, ilipovunjwa na Sebastian Coe wa Uingereza. Baada ya kustaafu, Bayi alianzisha shule na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania.

Utii wa askari si utii wa mtu asiye na cha kupoteza. Una thamani kwa sababu anayetii anacho kitu anachokipenda, naye anakiweka chini kwa ajili ya wengi. Lakini deni hilo lina pande mbili. Taifa linalomwomba askari wake ajinyime halina budi kukumbuka alichojinyima, hata baada ya sare kuvuliwa na uwanja kuwa mtupu.