Kuacha Kazi ya Halali kwa Ajili ya Kamari
Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, Marekani, alishinda mashindano ya karata za poka mjini Las Vegas, akapata dola milioni 2.5. Baadaye aliacha uhasibu, akaifanya karata kuwa kazi. Je, Muislamu anaweza kumfuata?

Wapo wanaodai poka ni ustadi, si bahati. Hoja hiyo haibadili hukumu. Washindani walikuwa 839, kiingilio dola 10,000; fungu la mshindi lilitoka katika fedha za walioshindwa. Hiyo ndiyo maysir iliyoharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90.

Basi mwenye mshahara mdogo wa halali asiuache. Aliyekwisha ingia atubie, arejee kazini, na mali ya kamari, ikiwa wenyewe hawajulikani, aitoe kwa mafukara kwa kujitakasa, si kwa kutaraji thawabu. Wallahu a'lam.