Bolti ya 14 haina 14: kweli na uongo kwenye gereji za Milanzi

Kutoka Milanzi, Sumbawanga, hadi maduka ya spea ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma. Kwa hiyo bolti ya Noah au Hiace ikipotea, mtu haagizi mbali kitu cha ukubwa wa kidole. Anatafuta ya kufanana nayo Sumbawanga mjini, au anachakura kopo la bolti kuukuu la fundi. Hakuna ubaya, mradi ajue anafananisha nini na nini.

“Bolti ya spana 14 ina unene wa milimita 14.” Si kweli. Spana hupima kichwa. Bolti hupimwa kwa unene wa sehemu yenye nyuzi. Kwenye magari ya Kijapani, kichwa cha 10 kwa kawaida hubeba mwili wa milimita 6, cha 12 mwili wa 8, cha 14 mwili wa 10, na cha 17 mwili wa 12. Ya Ulaya yana utaratibu mwingine: mwili wa 8 huvaa kichwa cha 13, na wa 10 huvaa cha 16 au 17. Ukimwambia muuzaji “nipe ya 14” na kunyamaza, umemwachia akisie.

“Unene ukilingana, itaingia.” Si kweli, na uongo huu ndio wenye gharama kuliko yote. Bolti ya milimita 10 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huwa na nyuzi nene: kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Toyota hutumia sana ya 1.25 kwa unene huohuo. Ya dukani itaanza vizuri, itazunguka mara mbili tatu, kisha itabana. Hapo fundi mwenye haraka husema ni kutu, anachomeka bomba kwenye spana aongeze nguvu, na nyuzi za aluminiamu ndani ya injini zinakwisha. Bolti ya bei ya karanga imeshazaa kazi ya kuchonga uzi upya.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Laza bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno kwa meno, uziinue kwenye mwanga. Meno yakishikana mwanzo hadi mwisho bila mwanga kupenya, uzi ni mmoja. Au tumia rula: hatua kumi za uzi wa 1.25 ni milimita 12.5, za 1.5 ni 15. Bolti sahihi kwenye tundu safi huingia kwa vidole. Spana ni ya kumalizia.

“Nati za tairi za Kijapani ni zilezile.” Si kweli, ingawa spana 21 huzishika nyingi na kutudanganya wote. Noah na Hiace zina mwili wa 12 na uzi wa 1.5, sawa na Honda na Mitsubishi nyingi. Subaru, Suzuki na Nissan nyingi zina 12 kwa 1.25. Land Cruiser 100 na 200 zina 14 kwa 1.5. Tazama na umbo la sehemu inayokaa kwenye rimu: nati ya koni haikai kwenye rimu iliyotengenezewa nati ya washa bapa. Mteremko wa Ntendo kwenda Muze si mahali pa kugundua hilo.

“Namba ya spea ni siri ya kampuni.” Nusu kweli. Bolti ya kumwagia oili ya Toyota nyingi ni 90341-12012, na washa yake ni 90430-12031. Ile 12 baada ya kistari ni unene wa milimita 12. Tarakimu za mwisho hazikwambii urefu wala uzi. Na usiizoee sana kanuni hiyo, maana stadi na nati za tairi zinazoanza na 90942 haziifuati. Honda ni wawazi zaidi: 95701-06016-08 ni bolti ya milimita 6 yenye urefu wa 16, na 08 ya mwisho ni aina ya mpako wa nje.

“8.8 kichwani ni saizi.” Si kweli, ni nguvu. Namba ya kwanza inamaanisha nyutoni 800 kwa milimita ya mraba kabla ya kukatika. Ya pili, kwamba hufika asilimia 80 ya nguvu hiyo kabla ya kuvutika bila kurudi. Toyota huandika namba moja tu: 7 ni kama kilo 70 kwa milimita ya mraba. Basi 8.8 inaweza kushika nafasi ya 7. Nafasi ya 11 haiwezi.

Wafipa wa huku waliyeyusha chuma chao kwenye malungu, matanuru marefu kuliko mtu yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na mhunzi alijua chuma chake kwa kuwa alikiona kikitoka motoni. Bolti ya dukani haina mhunzi wa kuulizwa. Ikiwa haina alama yoyote, ihesabu kuwa laini.

“Isiyoshika kutu ndiyo imara.” Si kweli. Iliyoandikwa A2-70 ina nyutoni 700, chini ya 8.8. Ifungie kibao cha namba, usiifungie breki.

“Spana 13 imekaa, basi ni ya milimita.” Si kweli kwa Massey Ferguson 135 na Land Rover za zamani. Hizo hutumia bolti za inchi, na kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7.

“Kuna nati zinazofunguka kinyume.” Kweli. Fuso, Isuzu na Hino nyingi za zamani zina uzi wa kinyume kwenye magurudumu ya kushoto, na ncha ya stadi mara nyingi huwa na herufi L. Anayeikanyagia spana kama anavyofungua ya kulia anaikaza, na stadi itakatika kabla nati haijasogea.