Kufundisha Mawasiliano ya Mfululizo Baina ya Kompyuta na Vifaa Vyake

Somo la kuunganisha kompyuta na vifaa vyake aghalabu hufundishwa kwa kutaja plagi. Mwanafunzi hukariri kwamba hii ina pini 9 na ile pini 25, akafaulu mtihani, kisha akashindwa kueleza kwa nini vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya mzima havisikilizani. Katika makala haya tumekusudia kueleza kanuni za mawasiliano ya mfululizo, na namna ya kuzifundisha hata katika shule isiyokuwa na kompyuta.

Yapasa kuanza na lile mwanafunzi analolijua. Wanafunzi wetu wa Ndalambo wamekwisha kuona au kusikia habari za malori yavukayo mpaka pale Tunduma, moja nyuma ya jingine. Biti za taarifa nazo hupita vivyo hivyo katika waya mmoja, na hayo ndiyo mawasiliano ya mfululizo. Endapo biti 8 zingepita kwa pamoja katika nyaya 8, tungeyaita mawasiliano sambamba. Njia sambamba hudai nyaya nyingi, na katika masafa marefu biti zake huweza kufika kwa nyakati zinazopishana.

Lakini kwa nini pawe na kanuni? Hapa reli itatusaidia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina nafasi ya milimita 1,067 baina ya vyuma vyake, sawa na reli ya Zambia. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Behewa litokalo Dar es Salaam kwa TAZARA laweza kupita Tunduma na kuingia Zambia, ila haliwezi kuingia Reli ya Kati. Ndiyo maana pale Kidatu, reli hizo zinapokutana, kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo. Vifaa vya kompyuta navyo havina budi kukubaliana kabla ya safari.

Makubaliano yaliyoenea mno ni RS-232, yaliyotolewa Marekani mwaka 1960. Toleo lake la C lilitoka mwaka 1969. Kwayo, biti 1 huwakilishwa na volti kati ya -3 na -15, na biti 0 na volti kati ya +3 na +15. Kilicho kati ya -3 na +3 hakina maana. Toleo hilo lilikusudiwa kwa kasi isiyozidi biti 20,000 kwa sekunde na kebo ya kiasi cha mita 15. Kwa masafa marefu ilikuja RS-485, mwaka 1983, ambayo hulinganisha volti za nyaya mbili na huweza kufika mita 1,200. Ingawa USB, iliyotoka mwaka 1996, imechukua nafasi ya RS-232 katika kompyuta za mezani, kanuni hii ya zamani ingali ikitumika katika mizani ya kielektroniki na mitambo ya viwandani.

Sasa tuje darasani. Mwanafunzi mmoja ashike bendera: ikiwa juu ni 1, ikiwa chini ni 0. Wa pili ampe mgongo mwalimu, aitazame bendera na kuandika. Darasa lipige makofi kwa mwendo mmoja, na kila kofi liwe biti moja. Pasipo na ujumbe, bendera hukaa juu. Ili kutuma herufi A, ambayo namba yake ni 65, bendera itaonyesha: 0 1 0 0 0 0 0 1 0 1. Sifuri ya kwanza humwamsha mpokeaji. Biti 8 zifuatazo ni herufi yenyewe, ikianzia biti yenye thamani ndogo. Moja ya mwisho hufunga. Kwa kuwa kila herufi huchukua biti 10, kasi ya biti 9,600 kwa sekunde hupeleka herufi 960.

Kisha mpokeaji afuate makofi ya kundi jingine lenye mwendo wa haraka zaidi. Ataandika upuuzi, ingawa macho yake ni mazima na bendera haikukosea. Wanafunzi watatambua wenyewe kwamba pande mbili sharti zikubaliane kasi.

Jambo la mwisho ni la usalama. Bodi nyingi ndogo za kujifunzia hutumia volti 5 au 3.3. Zikiunganishwa moja kwa moja na RS-232, yenye kuweza kutoa volti 12, huungua, na shule yenye bodi moja hubaki bila somo mwaka mzima. Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka waya, mwanafunzi ajibu maswali manne: volti ni ngapi? Kasi ni ipi? Herufi ina biti ngapi? Je, waya wa kutuma wa huyu umefika kwenye pini ya kupokea ya yule? Tumeona kwamba anayeweza kuyajibu hahitaji kukariri plagi.